Ufundi wa Kuuliza

Msimu wa mashindano ya roboti ukiisha, watu hukumbuka vikombe. Washindi wamepiga picha, waandaaji wanajumlisha risiti. Yupo fundi mmoja ambaye kazi yake ndiyo kwanza inaanza, wala hapigiwi makofi: yule anayewaendea vijana kuwauliza msimu wao ulikuwaje. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, na mizani ya kumpimia naichukua Kakesio, kata ya wafugaji kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro.

Fundi huyu anajua wakati. Jirani na Kakesio iko Laetoli, ambako mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilikuta nyayo za viumbe wa jamii yetu waliopita miaka milioni 3.6 iliyopita. Zilisalia kwa kuwa majivu ya volkano yalilowa mvua, yakakanyagwa, kisha yakagandamana. Kumbukumbu ya kijana nayo hushika alama ikiwa bado mbichi. Raundi moja ya mashindano ya roboti ya FIRST LEGO League huchukua dakika 2 na nusu. Humo gurudumu huteleza, kihisi hukosa mstari, mtu hulaumiwa. Muulize wiki hiyohiyo, atakusimulia yote. Muulize baada ya miezi mitatu, atakwambia tulishinda au tulishindwa, basi.

Anajua pia kuchagua swali. Tangu Rensis Likert alipoeleza kipimo chake mwaka 1932, madodoso mengi humpa mtu ngazi 5, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Kwa kuhesabu, kinafaa. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuitikia "ndiyo, mwalimu" huweka tiki kwenye 4 mstari hadi mstari. Fundi huuliza: roboti ilipogoma, mlifanya nini? Nani alishika kompyuta, na nani aliishia kubeba sanduku? Kwa swali hilo la mwisho anaweza kumgundua msichana aliyesafiri na timu hadi mashindanoni bila kugusa programu hata mara moja.

Gumu zaidi ni nani aulize. Kwa Wamasai wa huko, mtoto humwinamia mkubwa ili aguswe kichwa. Aliyelelewa katika adabu hiyo hatamwambia mwandaaji usoni kwamba ratiba yake ilikuwa mbovu. Ila utamaduni huohuo una njia ya kuufikisha ukweli kwa wakubwa. Vijana wana rika lao, na rika lina laigwanani, mwenzao anayekabidhiwa rungu jeusi. Wakishajadiliana wao kwa wao, yeye ndiye anayesimama kusema, na neno lake ni la wote. Hakuna wa kunyooshewa kidole. Mashindano yangeweza kuiga hilo: muulizaji awe kijana aliyeshindana msimu uliotangulia, mwalimu na mfadhili wakae mbali, kisha msemaji ayafikishe yaliyokubaliwa. Timu zilizotolewa mapema zianze kusikilizwa, maana aliyebeba kombe haoni kasoro.

Hayo yote ni bure majibu yasiporudi. Ngorongoro, iliyotengwa mwaka 1959 iwe ya watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja, si ngeni kwa watafiti na karatasi zao. Anayehojiwa mara kwa mara asione kilichobadilika hujifunza kujibu kwa mkato, na hana kosa. Hivyo kazi ya fundi wetu hukamilika msimu mpya unapotangazwa, timu zikaambiwa waziwazi: hili mlilisema, tumelirekebisha, lile mlilisema, hatukuliweza, na sababu ni hii. Hilo la pili ndilo linalohitaji ujasiri, na ndilo linalojenga imani.

Vijana hawa wamefundishwa kwamba roboti inayopokea taarifa za kihisi chake na bado ikaenda vilevile ina hitilafu, lazima ifunguliwe. Wana haki ya kuwapima waandaaji wao kwa kanuni hiyohiyo.