Kutu Ndani ya Hauzingi ya Ekseli: Umeme, Majivu na Barabara ya Rumonge

Hauzingi ya ekseli ya nyuma hupigwa na mawe, matope na maji kuliko karibu kiungo kingine chochote cha gari, lakini ndiyo inayokumbukwa mwisho. Nje hupakwa rangi nyeusi, ikivuja hufutwa, safari inaendelea. Ndani hufunguliwa siku difu (gia za ekseli zilizomo ndani yake) inapoanza kulia. Kwa Hiace na Hilux kuukuu zinazopiga njia ya Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, siku hiyo huja mapema. Fundi akiivuta difu nje hukuta oili imechanganyika na maji, imekuwa nzito na nyeupe-kahawia, na ukuta wa ndani umeota kutu, hasa upande wa juu na ndani ya mirija inayokwenda kwenye magurudumu. Hutafutwa difu nyingine, hufungwa, hutiwa oili mpya, na baada ya muda mlio ule ule unarudi. Hapo lawama humwangukia aliyeuza difu. Mara nyingi difu haikuwa na kosa lolote: ilisagwa na chembe za kutu zilizobaki ndani ya hauzingi.

Maji yanaingiaje ndani ya chuma kilichofungwa kwa bolti na gasketi? Barabara ya Taifa namba 3, ndiyo njia hiyo, ina Ziwa Tanganyika upande mmoja na milima ya Mumirwa upande wa pili, na mito kama Mugere, Dama na Murembwe inashuka kwa kasi na kuikata njia kabla ya kuingia ziwani. Masika yakiwa makali, maji hupita juu ya lami. Miaka ziwa lilipopanda, hadi mafuriko ya 2024 yaliyoingia katika mitaa ya Bujumbura na Rumonge, kuna mahali maji yalikaa badala ya kupita. Gari lililojaa watu na magunia linafika hapo ekseli ikiwa ya moto, kwa sababu gia zimesagana na oili imechapwa kwa zaidi ya saa moja. Kisha ekseli nzima inazama kwenye maji baridi.

Hewa ya nyuzi 80 ikipozwa ghafla hadi nyuzi 30 hupungua ujazo kwa takriban asilimia 14. Ndani ya hauzingi mkiwa na lita 6 za hewa, hilo ni pengo la lita 0.8 hivi, na pengo hilo lazima lizibwe na kitu kutoka nje. Chupa ya plastiki iliyofungwa ikiwa ya moto hujikunja ikitupwa majini. Hauzingi haiwezi kujikunja, kwa hiyo inavuta. Juu yake kuna tundu dogo la kupumulia, lililowekwa ili oili ikipata moto isisukume sili nje. Tundu hilo likiwa chini ya maji, linanyonya maji. Likiwa limezibwa na matope, mambo ni mabaya zaidi, kwa maana mvuto unahamia kwenye sili za magurudumu, na sili zimetengenezwa kuzuia oili isitoke, si kuzuia maji yasiingie.

Wapo wanaojifariji kwamba Tanganyika si bahari. Ni kweli kwamba bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na ziwa letu halifikii hata gramu moja. Maji yake tena yana ualikali kidogo, jambo linalopunguza ukali wa kutu. Lakini kutu haihitaji chumvi. Inahitaji chuma, maji na oksijeni, na vyote vitatu vimo ndani ya hauzingi iliyovuta maji. Gari likilala, maji hushuka chini ya oili kwa sababu ni mazito kuliko oili, na kuanza kula sakafu. Mchana hauzingi ikipata moto, sehemu ya maji hupanda kama mvuke. Usiku mvuke hugeuka matone juu ya dari na ndani ya mirija, mahali ambapo oili hufika kwa kurushwa tu. Hapo juu ndipo penye hewa ya kutosha, na hapo juu ndipo kutu huwa nene.

Ziwa hili hili limewahi kutoa ushahidi mkubwa kuliko gereji yoyote. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na reli hadi Kigoma na kuteremshwa majini 1915. Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, na kabla ya kufanya hivyo waliipaka mitambo yake grisi nene. Walitarajia kurudi kuichukua. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena, na mwaka 1924 Waingereza wakaitoa. Mitambo na matangi ya mvuke vilikutwa bado vinafaa kutumika baada ya kusafishwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma cha mitambo hiyo kilikaa ndani ya maji miaka mingi bila kuangamia kwa sababu grisi ilisimama kati yake na maji yenye oksijeni. Hauzingi yetu ina hali ya kinyume: sakafu yake ina oili, dari yake imeachwa wazi.

Basi fundi anapoangalia kutu ile, ajiulize anataka nini. Ukuta wa hauzingi ni mnene. Kutu ya juu juu haitautoboa leo wala kesho. Hatari ni chembe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huvimba, hupasuka na kubanduka. Chembe moja ikiingia kwenye beringi ya pinyoni, ile inayobeba mzigo mkubwa katika sehemu nyembamba, inachimba njia yake. Kwa hiyo lengo si ukuta unaong'aa. Lengo ni ukuta usiobanduka chochote, na kila njia ya kusafisha ipimwe kwa swali hilo.

Brashi ya waya haifiki ndani ya mirija, na mahali inapofika huacha nyuzi zake za chuma. Wengine hutia mchanga au kokoto pamoja na mnyororo, wakaiviringisha hauzingi mpaka itoe sauti safi. Kwa tangi la mafuta njia hiyo ina maana. Kwa hauzingi naipinga kabisa: mchanga hujificha kwenye maungio ya kuchomelea, unakauka, na oili ya moto inautoa baadaye na kuupeleka penye beringi. Tindikali ya betri hula kutu, kisha inaendelea kula chuma, pamoja na vile viti vilivyochongwa kwa usahihi ambapo beringi hukaa. Na ikinywewa na mwanya wa kuchomelea hakuna maji yatakayoitoa yote. Siki ni pole zaidi lakini ina tabia hiyo hiyo. Molasi iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji hufanya kazi nzuri, na Burundi ina kiwanda chake cha sukari kule Moso, ila inataka wiki moja mpaka mbili, na harufu yake gereji nzima itaijua. Mwenye gari la biashara hasubiri wiki mbili.

Njia ninayoitetea ni ya umeme, na uzuri wake kwa hauzingi ni kwamba hauzingi yenyewe ndiyo beseni. Huhitaji pipa la kuizamisha, unaijaza. Kwanza toa kila kitu: difu, shafti, beringi, sili, sahani za breki na chochote cha alumini, kwa maana maji ya magadi hula alumini. Gia zisiingizwe humo kabisa; chuma kilichokazwa kwa moto kinaweza kunyonya haidrojeni na kuwa rahisi kuvunjika. Kisha ondoa oili yote, kwa sababu umeme haupiti kwenye utando wa oili. Zamani fundi angesuuza kwa dizeli. Kwa uhaba wa mafuta wa miaka hii nchini, dizeli ya kumwaga chini haipo, na kwa kweli maji ya moto yenye sabuni nyingi, yakirudiwa mpaka yatoke bila vidoa, yanafanya kazi bora zaidi.

Ilaze hauzingi mdomo wa difu ukitazama juu. Ziba ncha za mirija kwa vipande vya mti vilivyochongwa na kuvishwa mpira wa tyubu. Katika kila mrija pitisha nondo ya kawaida ya ujenzi, uivishe pete zilizokatwa kutoka bomba la plastiki ili isiguse ukuta popote. Ikigusa, umeme unapita hapo peke yake na kazi inasimama. Katikati, kwenye bakuli la difu, ning'iniza kipande cha bati nene la chuma. Umeme wa namna hii husafisha kile ambacho nondo inakielekea, na ndiyo sababu nondo moja katikati haitoshi. Usitumie chuma cha stenlesi kama cha masufuria: kromiamu yake hutoka ndani ya maji ikiwa sumu inayosababisha saratani.

Maji yenyewe hutiwa magadi ya kufulia, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne. Magadi ya kupikia yasiyosafishwa yana chumvi ndani yake, na chumvi ikipigwa na umeme inaweza kutoa gesi ya klorini, kwa hiyo si chaguo zuri. Hapa Rumonge ina mali isiyotajwa vya kutosha. Majivu ya mashada matupu ya mchikichi, yale yanayobaki chikichi zikishatolewa, yana potasi nyingi, na Afrika Magharibi watu wametengeneza sabuni kwa majivu hayo tangu zamani. Ukiyaloweka, ukayachuja kwa kitambaa mara kadhaa hadi maji yawe safi ya rangi ya kahawia, unapata potasiamu kaboneti, ambayo kwa umeme hufanya kazi ile ile ya magadi. Katika mji unaoishi kwa mawese, malighafi hii imelala nyuma ya kila kinu.

Waya hasi wa chaja ya betri ufungwe kwenye hauzingi, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, hauzingi ndiyo italiwa, na italiwa kweli. Mapovu madogo yatatoka ukutani. Hiyo ni haidrojeni, na inashika moto. Kazi ifanyike nje, mdomo ukiwa wazi, mbali na sigara na mashine ya kuchomelea. Haidrojeni pia hukusanyika kwenye dari ya mirija na kuacha ukanda mkavu usiosafishwa, kwa hiyo kila baada ya saa chache inua upande mmoja wa hauzingi, kisha mwingine, gesi itoke. Nondo zikivaa ganda zitolewe zipigwe brashi. Usiku mmoja hutosha kwa kutu nyepesi. Kutu ya miaka inaweza kutaka siku mbili au tatu.

Na umeme wa REGIDESO, shirika la maji na umeme, ukikatika? Hapa ndipo njia hii inapofaa Burundi kuliko tindikali. Chuma kilicholala kwenye maji yenye ualikali mkali hakishiki kutu, kwa hiyo kazi inasubiri bila hasara mpaka umeme urudi. Paneli ya jua ya kuchajia betri ya volti 12 inaweza kufanya kazi yote mchana, na haijali kama kuna betri au hakuna, tofauti na chaja za kisasa ambazo hukataa kutoa umeme zisipoiona betri.

Kutu nyekundu iliyovimba hugeuka tope jeusi lisilo na nguvu. Litolewe kwa maji ya moto na kitambaa kinachovutwa kwa kamba ndani ya mirija, kitambaa kipya kila mara mpaka kitoke bila doa jeusi linalokwaruza. Kinachobaki ukutani ni weusi mwembamba uliogandamana, uachwe, hautabanduka. Kuanzia hapo ni mbio. Chuma kilichovuliwa kutu, katika hewa yenye unyevu ya ufukweni, hugeuka rangi ya machungwa ndani ya saa chache. Maji ya mwisho yawe ya moto sana ili chuma kijikaushe chenyewe, kisha oili ya gia ipakwe kote papo hapo, dari kwanza.

Mawese yasipakwe, ingawa yapo na ni rahisi. Najua reli za Uingereza katika karne ya 19 zililainisha ekseli zake kwa grisi ya mawese, shahamu, soda na maji, lakini grisi ile iliongezwa kila mara. Mawese ya kukamuliwa kienyeji yana asidi za mafuta ambazo huongezeka kadiri yanavyokaa, na ndani ya ekseli ya moto yataganda kuwa utando. Rangi pia isipakwe ndani. Siku ikibanduka itaziba njia ya oili.

Sasa lile tundu la kupumulia. Litolewe, lisafishwe, kisha lifungwe bomba la mpira linalostahimili oili, lipandishwe hadi chini ya bodi, juu kuliko maji yoyote ambayo dereva ana akili ya kuyaingia. Mdomo wake utazame chini, na bomba liachiwe ulegevu wa kutosha ekseli inaporuka kwenye mashimo. Sili za magurudumu zibadilishwe zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Baada ya kila mvuko wa maji marefu, gari likishalala usiku kucha, bolti ya chini ya hauzingi ilegezwe robo mzunguko asubuhi kabla ya kuwasha injini. Maji yakiwepo, yatatangulia oili kutoka.