Fanani Bila Hadhira: Makumbusho ya Muziki Pendwa na Bunilizi ya Kisayansi Mjini Seattle

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, ushiriki ni mojawapo ya sifa zinazoupambanua utendaji na maandishi. Fanani hutenda mbele ya hadhira. Hadhira nayo humwitikia, humkatiza, humsahihisha, na pengine humlazimisha ageuze mkondo wa kisa. Dhana hii imehamia katika majumba ya makumbusho, ambako kuitwa "shirikishi" kumekuwa fahari. Makala haya yanalichunguza jumba moja la aina hiyo, Museum of Pop Culture lililoko Seattle, Marekani, kwa kuuliza: mgeni anaposhirikishwa humo, anapewa uwezo gani juu ya kazi ya sanaa? Hoja inayotetewa ni kwamba jumba hili humruhusu mgeni kuuigiza ufanani, lakini humnyima kile kinachoupa ufanani maana, yaani hadhira yenye uwezo wa kumkataa.

Jumba lilifunguliwa Juni 2000 kwa jina la Experience Music Project. Mwanzilishi wake, Paul Allen, mmoja wa waasisi wawili wa kampuni ya Microsoft, alikuwa mpenzi mkubwa wa Jimi Hendrix, mpiga gitaa aliyezaliwa Seattle mwaka 1942 na kufariki London mwaka 1970. Mkusanyo wa vitu vya Hendrix ndio uliolizaa wazo la jumba hilo. Frank Gehry, msanifu wa jengo, alianza kazi kwa kununua magitaa ya umeme na kuyakatakata, kisha akavitumia vipande vyake kuundia mfano wa kwanza. Mwaka 2004, chini ya paa hilo hilo, yakafunguliwa makumbusho ya bunilizi ya kisayansi. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka 2016.

Ni haki kuanza na mchango wa jumba hili. Kwa muda mrefu wasomi wameuona muziki pendwa na bunilizi ya kisayansi kuwa burudani ya kupitishia wakati, isiyostahili kuhifadhiwa wala kuhakikiwa. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu dharau hiyo, kwa kuwa riwaya pendwa imewahi kutendewa vivyo hivyo. Kuzijengea sanaa hizi jumba la fahari ni kukiri kwamba ladha ya umma ina historia, na kwamba historia hiyo inastahili kutunzwa.

Hata hivyo, heshima kwa sanaa ya umma si sawa na kuupa umma sauti. Tofauti hiyo hujidhihirisha katika sehemu ya muziki. Humo mna vyumba vidogo ambamo mgeni hupiga gitaa, ngoma au kinanda, huku kompyuta ikimwelekeza hatua kwa hatua. Jumba lilipofunguliwa, palitengwa pia jukwaa ambapo wageni walitumbuiza chini ya taa kali, mbele ya hadhira ya kuigizwa kwa mitambo iliyowashangilia kwa vifijo. Hadhira hiyo haikuwa na hiari. Ilishangilia wimbo uliopigwa vizuri na ule ulioboronga kwa sauti ile ile. Katika ngano, mwito wa "paukwa" hausongi mbele mpaka hadhira ijibu "pakawa". Katika taarab, anayeinuka kumtunza mwimbaji huwa ametoa hukumu, na pengine amemfumbia mtu aliyeketi karibu naye. Jibu ambalo halingeweza kuzuiliwa si jibu. Kwa hiyo mgeni wa jukwaa lile alikuwa fanani kwa mavazi tu; kiuhalisia hakuwa na wa kumtendea.

Kasoro hii inakuwa nzito zaidi inapolinganishwa na Hendrix mwenyewe. Hendrix alitumia mkono wa kushoto. Mara nyingi alilichukua gitaa lililoundiwa watu wa mkono wa kulia, akaligeuza juu chini na kuzipanga upya nyuzi zake. Ufundi wake ulianza pale alipokataa maelekezo ya chombo. Huko Woodstock, Agosti 1969, aliupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa namna iliyozusha milio ambayo wengi waliifasiri kuwa mabomu ya vita vya Vietnam. Gitaa jeupe alilolitumia siku hiyo lilinunuliwa na Allen na likawa miongoni mwa hazina za jumba. Hapa pana kinaya: magitaa yenye historia hutazamwa bila kuguswa, na yale yanayoguswa hayana historia. Bila shaka chombo adimu hakiwezi kuachiwa kila mkono. Lakini mgeni anayefunzwa kuifuata kompyuta bila kukosea anafunzwa kinyume cha kile alichokifanya mtu anayeenziwa.

Sehemu ya bunilizi ya kisayansi ina tatizo la aina nyingine. Vitu vinavyooneshwa kwa wingi ni mavazi, silaha na vyombo vilivyotumika katika filamu. Lakini utanzu huu, hasa katika maandishi, huishi kwa kile ambacho hakioneshwi. Nadharia ya upokezi, kama ilivyofafanuliwa na Wolfgang Iser, inashikilia kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa tajriba yake. Msomaji wa Walenisi (1995) ya Katama Mkangi anajua kwamba ulimwengu wa mbali hubuniwa ili ule wa karibu uonekane. Jina lenyewe, likitenganishwa, linatamka kwamba wale ni sisi. Vazi lililo ndani ya kioo huliziba pengo hilo. Humwambia mgeni jinsi mgeni wa anga anavyofanana, na papo hapo humwondolea kazi ya kujiuliza iwapo anafanana naye.

Mfano bora ni Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi aliyeishi eneo la Seattle tangu mwaka 1999 hadi kifo chake mwaka 2006, na ambaye jina lake liliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya heshima inayotunzwa na jumba hili. Katika riwaya yake Kindred (1979), Dana, mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976, anavutwa mara kwa mara hadi Maryland ya enzi ya utumwa ili kuyaokoa maisha ya babu yake mzungu, mwana wa mmiliki wa watumwa. Butler mwenyewe hakuihesabu kazi hii kuwa bunilizi ya kisayansi, kwa kuwa hakuna sayansi inayoielezea safari hiyo; hata hivyo ameiazima mbinu kuu ya utanzu huo. Katika safari ya mwisho Dana anarudi akiwa amepoteza mkono wake wa kushoto.

Mkono huo unapaswa kusomwa kama ishara, na ndio unaoipima dhana nzima ya ushiriki. Katika makumbusho shirikishi, mgeni huigusa historia kisha huondoka mzima. Katika Kindred, historia ndiyo inayomgusa mgeni, na haimwachilii mzima. Dana hakuchagua muda wa kuingia wala wa kutoka. Alishiriki kwa sababu alihusika: asingeingilia kati, ukoo wake usingekuwapo.

Huenda ikatolewa hoja kwamba jumba la makumbusho si riwaya, na kwamba mtoto aliyeshika gitaa humo kwa mara ya kwanza huenda akawa mwanamuziki kesho. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayedai kwamba wageni waumizwe ili waelimike. Kinachodaiwa ni kwamba neno "shirikishi" litumiwe kwa uangalifu. Kubonyeza, kupiga na kupanda jukwaani ni vitendo vya mwili. Vinakuwa ushiriki wa kisanaa pale tu vinapoweza kubadilisha kitu, ama katika kazi yenyewe, ama katika mtu anayeipokea. Jumba la Seattle limefaulu kuwafungulia wengi mlango wa sanaa iliyodharauliwa. Kazi iliyosalia ni kumruhusu mgeni aligeuze gitaa juu chini, kisha kumweka mbele ya watu walio hai, wenye hiari ya kunyamaza.