Ocol Ni Msomi. Je, Ana Akili?

Katika Kiingereza cha Kampala, mtoto anayefaulu mtihani husifiwa kuwa "bright", anayejibu upesi huwa "sharp", na mwenye shahada nyingi huitwa "intellectual". Kila neno hapa linapima kitu chake: alama, kasi, vyeti. Kiswahili nacho kina mwerevu, mjanja, msomi, mwenye busara na mwenye hekima, na hatuwezi kuyatumia ovyo ovyo moja mahali pa jingine. Mjanja huenda hakusoma kabisa, na msomi huenda hana busara. Waganda humsifu mtu kuwa mugezi, lakini wakilirudufu neno hilo wakamwita mugezigezi, sifa imekwisha: huyo sasa ni mjuaji au laghai. Swali la makala hii ni hili: tunaposema fulani ana akili, tunapima nini, na kwa lugha ya nani?

Kitabu kinachofaa kutuongoza ni Wimbo wa Lawino cha Okot p'Bitek. Kilitungwa kwanza kwa Kiacholi, kikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966, na mwaka 1975 kikatoka kwa Kiswahili katika tafsiri ya Paul Sozigwa. Aghalabu husomwa kama mgogoro wa mila na usasa. Ninavyoona mimi, ni mgogoro pia kuhusu maana ya akili.

Ocol amesoma Makerere na nyumba yake imejaa vitabu. Lawino, mkewe, hakusoma. Hata hivyo, anayeonekana akifikiri mbele ya msomaji ni Lawino. Aliacha mafunzo ya dini kwa sababu walikaririshwa maneno wasiyoyaelewa. Anapoambiwa kwamba Mungu aliumba kwa kufinyanga, yeye ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi anauliza udongo ulichimbwa kwenye mto gani. Ni swali la mtu anayeijua kazi ya udongo. Hapati jibu, anapata hasira. Ocol anaona si hadhi yake kujadiliana na mtu asiyesoma, tena anadai kwamba Kiacholi hakina utajiri wa kubeba hekima yake.

Dai hilo linavunjwa na kitabu chenyewe, kwa kuwa Okot alikitunga kwa Kiacholi kwanza. Lakini sisi tunaosoma Kiswahili Kampala tunajua kwamba dai la Ocol halijafa. Lugha yetu bado huitwa lugha ya askari, ingawa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili. Anayekosea Kiingereza mbele ya watu hutiliwa shaka akili yake. Anayekosea Kiswahili hucheka na kuendelea, wala hakuna anayemdhania mjinga.

Kipimo hiki hakikuwa cha Waganda wote tangu zamani. Mtafiti Mallory Wober, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974, alionyesha kwamba wanavijiji wa Buganda walihusisha akili na utulivu na kutofanya mambo kwa haraka, ilhali watu walioathiriwa zaidi na elimu ya kimagharibi waliihusisha na kasi. Kwa kipimo cha kijijini, Ocol mwenye kufoka asingeitwa mwenye akili.

Hata hivyo, Okot ana kasoro moja. Lawino anapofikia vitabu vya mumewe, lawama inamwacha msomaji wa vitabu na kuangukia vitabu vyenyewe, kana kwamba kusoma ndiko kulikomharibu. Wimbo wa Ocol, uliofuata mwaka 1970, haukumpa Ocol hoja za kutosha. Ulimpa dharau nyingi zaidi. Basi msichana wa Kiacholi anayetaka kusoma na pia kuuliza maswali ya Lawino hana wa kumfuata katika vitabu hivi viwili.

Kasoro hii si ndogo nchini mwetu. Mwaka 1972, chini ya Idi Amin, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Chombo cha mateso cha utawala huo kilibeba jina la usomi: Ofisi ya Utafiti ya Taifa. Nchi iliyopitia hayo haina haja ya kudharau vitabu. Inahaja ya kutenganisha maneno.

Kwa hiyo tumwite Ocol msomi, kwa sababu amesoma. Neno akili tumwekee anayeuliza udongo ulitoka wapi na kusubiri jibu, awe anauliza kwa Kiingereza, kwa Kiacholi au kwa Kiswahili.