Ufa wa Ekzosi na Mkono wa Fundi

Mteja wa kawaida akiletewa ekzosi iliyochomelewa hutazama mshono. Ukiwa umelala sawa na unang'aa, hulipa akaondoka. Mimi huuliza kwanza: ilipasuka kwa nini? Fundi akinijibu kwamba chuma kimechoka tu, najua kazi hiyo itarudi. Chuma huchoshwa na kitu, na fundi bora ni yule anayekitafuta kitu hicho kabla ya kuwasha moto.

Vespa zinazopenya vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, hufundisha somo hili kwa bei nafuu. Sailensa yake imeshikwa mahali pawili: shingoni kwa klempu, na upande wa injini kwa bolti. Bolti ikilegea, uzito wote huning'inia shingoni, na kila shimo la barabarani hulipinda bati pale pale. Ufa utauona shingoni, ugonjwa uko kwenye bolti. Gereji za mtaa wa Ng'ambo zina mafundi wanaolijua hilo, na wapo wanaochomelea shingo wakairudisha kama ilivyokuwa. Hao wa pili wamekukodisha mshono tu.

Kwenye ndege ndogo za injini ya pistoni mambo ni yale yale, ila bati ni jembamba zaidi na kosa halisameheki. Abiria wengi wanaoruka kati ya Dar es Salaam na Unguja hupanda Cessna Caravan zenye injini ya turbaini, hizo niziache. Nazungumzia zilizo ndogo zaidi, kama Cessna 206, na zile za kujiundia ambazo nyingi hubeba injini ya Rotax kutoka Austria. Ekzosi zake ni mabomba ya stenlesi yenye unene wa milimita moja hivi, na gesi inayopita ndani hufika zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi.

Safari ya Dar hadi Unguja ni kama dakika 20, na wako wanaodhani safari fupi huipumzisha injini. Ekzosi haipumziki hivyo. Kinachoila ni kupata moto na kupoa, kutanuka na kusinyaa, na ndege inayovuka bahari mara kadhaa kwa siku huipitisha katika mzunguko huo kila inapotua na kuzimwa. Ongeza chumvi. Ndege inayolala nje kwenye uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, huamka na unyevu wa bahari juu ya bati, na chumvi huishambulia hata stenlesi, hasa inapopata moto.

Ukaguzi mzuri utautambua kwa jambo dogo: fundi haoshi injini kwanza. Gesi inayovuja huacha alama, michirizi ya kijivu au nyeupe, pengine masizi, juu ya bomba au upande wa pili wa kifuniko. Anayemwaga maji na sabuni kabla ya kutazama amefuta ushahidi. Akishatazama, hushika kila kiungo akakitikisa. Viungo vya kuchomekana vimewekwa ili vicheze kidogo bomba linapotanuka. Kilichoganda kwa kutu huhamishia mzigo wote kwenye mshono ulio karibu. Rotax nyingi zina viungo vya mviringo vilivyobanwa kwa springi. Tazama kama springi zimeliwa kwenye kulabu, na kama zimefungwa waya ili moja ikikatika isitupwe kwenye propela, hasa ikiwa iko nyuma ya injini.

Kisha huja jaribio la povu. Blowa safi huunganishwa na mdomo wa ekzosi, hewa husukumwa kwa nguvu ndogo tu, na maji ya sabuni hupakwa kote. Hapa ndipo hutenganishwa mjuzi na mwanafunzi. Povu kidogo kwenye kiungo cha kuchomekana, injini ikiwa baridi, si kosa. Povu katikati ya bomba au kando ya mshono ni ufa, hata kama jicho halikuuona. Na sailensa ikiwa imevikwa koti la bati la kukusanyia hewa ya moto ya hita, koti hilo livuliwe. Fundi anayepiga tochi juu ya koti akasema "safi" hajakagua kitu.

Mtazame pia anapotia alama. Akichora ufa kwa penseli, mnyang'anye. Alama ya penseli, sawa na mkwaruzo wa zana iliyopakwa zinki, hufyonzwa na chuma kinapopata moto, ikakidhoofisha na kufungua ufa mpya hapo hapo. Chaki inatosha.

Ukarabati wenyewe huamuliwa ndani ya bomba. Stenlesi huchomelewa kwa arigoni, na gesi hiyo ijazwe ndani pia, si nje tu. Isipojazwa, nje utaona mshono wa kupendeza na ndani chuma kimeungua, cheusi, chenye chenga kama sukari guru, na hapo ndipo kitakapopasuka tena. Mshono ukitokeza ndani kupita kiasi husagwa, kwani uvimbe hukusanya joto na kuzuia gesi. Kuchomelea juu ya mshono wa zamani ni uvivu: wa kwanza ulipaswa kuondolewa. Kutoboa tundu mwishoni mwa ufa na kuuacha hivyo, kama wafanyavyo kwenye bati la bodi, ni kazi ya kukataa papo hapo. Gesi haijazuiwa.

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji aliyekuwa akihamia Cardiff kutoka Nantes. Ndege ndogo ya pistoni aliyopanda ilianguka baharini tarehe 21 Januari 2019, na wachunguzi wa Uingereza walikuta kabonimonoksaidi imeshika asilimia 58 ya himoglobini yake. Walihitimisha kwamba gesi ya ekzosi iliingia ndani. Rubani wa Unguja hujiona salama kwa kuwa hana haja ya hita, lakini gesi hupita pia kwenye matundu ya ukuta wa injini, haisubiri hita kufunguliwa.

Gabriel Nderitu wa Nyeri amejulikana Kenya kwa ndege alizojiundia, na anayejiundia ndege huamua mwenyewe nani amshikie moto. Ndege ya biashara yenye usajili wa Tanzania, 5H, ni habari nyingine: hata fundi hodari kuliko wote wa vespa asiiguse. Kazi hiyo ni ya karakana iliyoidhinishwa, na isainiwe na injinia mwenye leseni.

Ukiletewa bomba, omba tochi na kioo kidogo utazame ndani kabla ya kulipa. Fundi akikataa, usilipe. Na ukiruka, usiitegemee kadi ya kubaini gesi kwa kubadilika rangi iliyobandikwa mwaka juzi. Nunua king'ora cha umeme cha kabonimonoksaidi, ukiweke mbele ya macho yako.