Gitaa Asilolisikia Jirani

Saa sita za usiku, zinapokwisha kupita matatu za mwisho za Kikuyu, na barabara ya Waiyaki ikabaki na malori tu yaelekeayo Nakuru, ndipo chumba changu cha Kinoo, chenye kuta za mawe na paa la mabati, kinapogeuka kuwa karakana ya sauti. Vifaa vya karakana hiyo havizidi vidole vya mkono mmoja: gitaa la umeme la mtumba, waya wake, saundi kadi ndogo niliyoinunua mtaa wa Luthuli baada ya kuteta bei hadi mwenye duka akacheka, kompyuta iliyokwisha kuchakaa, na hedifoni ambayo upande wake wa kushoto umeshikwa na utepe. Amplifaya sina, wala simhusudu aliye nayo.

Ukuta wa pili anaishi shosho mmoja, mwenye usingizi mwepesi, ambaye asubuhi moja alinisimamisha penye bomba la maji akaniuliza kwa huruma:

“Kijana wangu, hiyo gitaa yako iliharibika? Usiku nasikia nyuzi tu, ti-ti-ti, kama kuku anadonoa mabati.”

“La, shosho, inalia, ila inalia masikioni mwangu.”

Akanitazama kama atazamwavyo mgonjwa, akachukua ndoo yake akaenda zake.

Amma shosho hakukosea. Gitaa la umeme, kwa asili yake, ni karibu bubu. Uzi wa chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mtikisiko huo ukazaa umeme dhaifu mno, na umeme huo ndio unaonaswa, wala si hewa ya chumbani. Kwa sababu ya udhaifu wake, haufai kuchomekwa katika tundu lolote lile: mimi mwenyewe, kwa ujahili, niliuchomeka miezi mingi katika tundu lililokusudiwa ala nyingine, nikalaumu nyuzi, nikalaumu vidole, hata siku nilipobonyeza kitufe kidogo cha gitaa ubavuni mwa saundi kadi, ambacho hulipa tundu ukinzani wa ohm milioni moja hivi lisiunywe umeme ule, nikasikia kama aliyefumbuliwa macho.

Kisha kuna mvumo. Umeme wa Kenya hupwita mara 50 kwa sekunde, na sumaku za gitaa, zisizojua kubagua, huupokea mpwito huo pamoja na wimbo. Mwenye fedha atanunua gitaa lenye sumaku pacha zinazobatilishana mvumo. Mimi nimenunua kiti kinachozunguka. Huketi, nikashika nyuzi zote kwa kiganja ili zinyamaze, nikajizungusha polepole: nikielekea chaja ya kompyuta, nyuki wanaingia mzingani, nikielekea dirisha la upande wa Muthiga, wanatoka, na baina ya hapo kuna upenyo usiozidi upana wa viganja viwili ambapo kimya hutua ghafla. Hapo nimepatia chaki sakafuni. Sidhani ipo programu iliyonifunza kusikiliza kama ile chaki.

Programu, hata hivyo, ni neema. Zipo za bure ziigizazo amplifaya kwa namna ya kustaajabisha, ila aghalabu anayeanza husahau kuweka na mwigo wa spika, ambayo kwa kawaida hufifisha sauti nyembamba kupita hertz 5,000. Akiiacha, gitaa hulia kama nyigu aliyefungiwa mkebeni.

Nami sioni haya ya uchache huu, maana wazee wetu walianza kwa uchache zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alifika Jadotville ya Kongo, ndiyo Likasi ya leo, na mitambo yake ya safari, akamnasa Mwenda Jean Bosco na gitaa moja la mbao, na kazi ile ikavuka bahari. Na hapa Nairobi, baada ya Vita Vikuu vya Pili, Fundi Konde katika bendi ya Peter Colmore alikuwa miongoni mwa Waafrika Mashariki wa mwanzo kulishika gitaa la umeme. Waliokuja baadaye, wa benga na wa rumba, waliingia studio kundi zima, gitaa la ridhimu likiuliza na la solo likijibu.

Mimi sina kundi. Ijumaa iliyopita nilinasa ridhimu, na Jumamosi, mvua ikiyapiga mabati hata nisisikie pumzi yangu, nikarudi na solo, nikagundua kwamba yule mpigaji wa Ijumaa ni mtu asiye na adabu ya mazungumzo: amejaza kila pengo, hakumwachia mwenziwe hata nafasi ya kuitikia. Nikamfuta. Nikapiga ridhimu upya, safari hii nikinyamaza pale ambapo nilijua nitakuja kusema, kisha nikaitia ridhimu sikio la kushoto na solo la kulia.

Asubuhi nilimvisha shosho hedifoni juu ya kitambaa chake. Tone moja la mvua halikusikika humo. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akainua kidole upande wa kushoto, kisha wa kulia.

“Na huyu wa pili aliingia saa ngapi? Sikusikia mlango.”