Jiko Jipya Katika Nyumba Kongwe: Moto Si Tatizo, Tatizo Ni Maji

Mtu akirithi nyumba ya mawe Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, kitu cha kwanza anachotaka kukibadilisha ni jiko. Vyumba vya mbele vitasubiri, hata mlango uliopinda utasubiri. Jikoni ndiko kwenye masizi, ndiko mama alikokohoa miaka yote, na ndiko mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Maskati haingizwi. Basi fundi huitwa, meko huvunjwa, marumaru hupandishwa mpaka karibu na dari, na siku gesi inapowashwa nyumba nzima hufurahi. Matatizo huja masika ya pili au ya tatu: rangi inavimba, chumvi nyeupe inachomoza ukutani, na boriti iliyo karibu na sinki inaanza kulainika kwa ndani bila mtu kujua.

Ukiyachambua majiko ya aina hii utakuta lawama karibu kila mara inapelekwa kusiko. Watu hufikiri nyumba imekataa mambo ya kisasa. Nyumba haijakataa gesi wala umeme. Imeingiziwa maji mahali ambapo hayakuwahi kuwapo, kisha ikafungwa kwa saruji yasipate pa kutokea.

Jiko la zamani lilikuwa kavu. Maji yalikuja kwa ndoo, yakakaa mtungini, yakachotwa kwa kata, na yaliyochafuka yakamwagwa uani penye mgomba. Vyombo vilioshwa nje, juu ya sakafu ndogo yenye mwinamo. Ndani ya kuta hapakuwa na bomba hata moja. Chumba chenyewe kilikaa nyuma kabisa, upande ambao kaskazi na kusi hazirudishi moshi sebuleni, na matundu yake yalikuwa juu, chini ya paa, kwa sababu moshi hupanda. Lamu walilitatua jambo hilohilo kwa njia nyingine. Viwanja ni vidogo na majirani wamebanana, hivyo jiko likapandishwa juu kabisa ya nyumba, chini ya makuti, likaitwa kidari cha meko. Pemba ua ulipatikana, na jiko likabaki chini. Kwa fundi wa leo hiyo ni bahati kubwa: sakafu ya jiko la Pemba imekaa juu ya ardhi, haikubebwa na boriti, kwa hiyo inastahimili uzito ambao dari ya ghorofani haiwezi.

Kwanza moto, maana huo ni mwepesi. Umeme wa uhakika ulifika kisiwani mwaka 2010, waya wa kilovolti 33 ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga; kabla ya hapo Pemba ilitegemea mashine za dizeli za Wesha. Kwa hiyo nyumba nyingi kongwe zina nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio. Jiko la umeme la kilowati 2 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9, na ukiongeza birika na pasi kwenye waya uleule mwembamba wa taa umejitengenezea moto wa aina nyingine. Jiko linahitaji njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi. Na njia hiyo ipite juu ya ukuta, ndani ya bomba la plastiki linaloonekana. Mafundi wengi hupenda kuchimba mfereji kwa tindo ili waya ufichike. Kwenye ukuta wa matofali ya saruji sina neno. Ukuta wa mawe ya matumbawe umeshikana kwa chokaa laini, na mfereji mmoja unalegeza mawe ambayo hukukusudia kuyagusa. Bomba la waya lililonyooka na kupakwa rangi ya ukuta haliudhi jicho la mtu.

Gesi ina mtego wake, na unatokana na yale matundu ya juu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kiasi cha mara moja na nusu mpaka mara mbili. Ikivuja haipandi kama moshi. Inatambaa sakafuni na kujaa pembeni kama maji. Jiko kongwe lenye matundu mazuri juu na kizingiti kirefu mlangoni ni bakuli la kuihifadhi. Dawa yake ni tundu la chini, kimo cha kifundo cha mguu, lililopenya ukuta hadi uani na kuwekewa wavu wa kuzuia panya. Bora zaidi mtungi ukae uani kivulini, mpira wake upite ukutani ndani ya kipande cha bomba la chuma. Matundu ya juu usiyazibe. Mvuke wa wali bado unapanda, na jiko lisilotoa mvuke huota ukungu.

Wala siulilii moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034. Ila moshi ulikuwa na kazi. Ulikausha paa la makuti na kuwafukuza wadudu kwenye fito na kamba. Mwenye banda la jiko la makuti akihamia gesi, paa lake halitadumu kama lile la bibi yake, na afadhali alijue hilo mapema aweke akiba ya makuti au ahamie mabati akiwa na fedha mkononi.

Sasa maji. Ukuta wa zamani una unene wa nusu mita hivi, mawe na chokaa, na tabia yake ni kunywa unyevu na kuutoa. Masika unalowa kidogo, kiangazi unakauka, na mradi njia ya kutokea iko wazi unaweza kuishi hivyo karne nzima. Saruji inaifunga njia hiyo. Unyevu unaotoka ardhini, au kwenye bomba linalovuja tone tone nyuma ya sinki, unakosa pa kupumulia, unapanda juu kutafuta mahali palipo wazi, na unapokauka huko unaacha chumvi inayoipasua lipu. Fundi akiitwa tena hubandua lipu iliyopasuka na kupiga saruji nzito zaidi. Nimeyaona majiko yaliyopigwa lipu juu ya lipu mpaka shubaka la ukutani likabaki na kina cha kuwekea kibiriti tu.

Boriti ndiyo inayoumia kwa siri. Ni mti wa mikoko, mgumu kwelikweli, lakini ncha yake imezikwa ndani ya ukuta, na ukuta ukilowa ncha huoza kwanza huku katikati pakionekana pazima. Anayetaka kujua apigilie msumari mwembamba karibu kabisa na ukuta. Ukizama bila kubisha, jibu analo. Na kubadilisha boriti si jambo la kwenda pwani na shoka, maana leo mikoko haikatwi bila kibali. Kulinda uliyonayo ni rahisi kuliko kutafuta nyingine.

Kwa hiyo mahali pa sinki ndipo panapoamua kila kitu. Liwekwe kwenye ukuta wa upande wa ua, usiobeba boriti ikiwezekana, ili maji machafu yatoke nje moja kwa moja, bila kona, hadi kwenye karo lililochimbwa mbali na msingi. Mabomba yapite nje ya ukuta kama nyaya, ili yakivuja uyaone siku hiyohiyo. Sinki lenyewe lisigande ukutani; lisimame juu ya miguu yake, na nafasi ya vidole vitatu ibaki nyuma yake. Marumaru ziishie pale maji yanaporukia, mikono miwili juu ya sinki inatosha. Kuzipandisha mpaka dari ni urembo wa duka la nyama, na ndizo zinazoufunga ukuta kuliko kitu kingine chochote.

Halafu kuna tangi. Maji ya bomba hayatoki saa zote, na kila nyumba inataka akiba. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Lisiwekwe juu ya dari ya boriti kwa hoja kwamba jirani ameweka na haijaanguka. Nguzo nne za zege uani zitalibeba, na maji yatashuka yenyewe.

Kwenye kuta kuna masizi ya miaka mingi, na hapa haraka huponza. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya masizi, doa la kahawia litajitokeza tena, na ukuta utakuwa umefungwa kwa mara ya pili. Sugua kwa brashi kavu, osha kidogo, kisha angalia. Lipu iliyonywa lami ya moshi haitakasiki. Itolewe na pakandikwe upya kwa chokaa iliyozimwa na kuachwa shimoni ikaiva kwa wiki kadhaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi yake. Mwisho paka maji ya chokaa, matabaka membamba manne au matano. Mji Mkongwe wa Unguja una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985. Mwenye nyumba Wete anamtegemea fundi wake, na mafundi wanaojua kuzima chokaa sasa ni wazee. Ukimpata mmoja, mpe kijana wa kumsaidia.

Kuhusu sura, watu hushika vitu visivyo na maana: kinu kinawekwa pambo juu ya kabati, na kawa inatundikwa ukutani. Sura ya jiko la Kipemba ni namna linavyofanyiwa kazi. Meza ya kisasa ina kimo cha sentimita 90, nzuri kwa kukata na kusukuma chapati. Kukuna nazi hufanywa umekaa juu ya mbuzi, na kutwanga kunataka ardhi ngumu isiyo na marumaru za kupasuka. Baraza fupi la mawe pembeni, kimo cha goti, na kipande cha sakafu tupu karibu na mlango wa uani hugharimu kidogo sana, na ndivyo vinavyomfanya mpishi asilihame jiko jipya kwenda kufanyia kazi nje.

Mafiga nayo yabaki uani, chini ya kipaa kidogo, na seredani kando yake. Mkate wa kumimina unataka moto juu na chini, na wali wa nazi uliopaliwa makaa hauna mbadala kwenye gesi, angalau kwa ulimi wangu. Zaidi ya hayo kuna hesabu ya msimu. Karafuu zinapoiva nyumba yenye shamba hulisha wachumaji, na sufuria la harusi au maulidi halikai juu ya jiko la mafiga mawili ya gesi.

Kazi ianze masika yakiisha. Saruji ya zamani ibanduliwe kwanza, ukuta uachwe wazi upigwe na upepo wa kusi miezi miwili au mitatu, ndipo lipu ya chokaa ipigwe. Hapo ndipo ugomvi na fundi huanza, kwa sababu yeye analipwa kwa kazi na ukuta unaokauka haumwingizii kitu. Njia niliyoona inafaa ni kumpa kazi ya karo, nguzo za tangi na banda la mafiga katika miezi hiyohiyo, na sinki lifungwe mwisho.