Programu na Ijitaje Yenyewe

Robota la mkonge litokapo mashamba ya Korogwe hubeba alama ya shamba na daraja lake, na mnunuzi wa ng'ambo hana haja ya kumtafuta mnyapara ili ajue alichonunua. Programu iliyokompailiwa nayo ni mzigo uliofungwa: msimbo uliosomeka umegeuka tarakimu za mashine, na aliyeuandika huenda amekwisha hama kazi. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikiweka kitambulisho ndani ya programu yenyewe. Katika SCCS, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo ulioanzwa na Marc Rochkind wa Bell Labs mwaka 1972, namba ya toleo iliandikwa kwenye msimbo ikitanguliwa na alama nne, @(#). Alama hizo zilipita salama kwenye kompaila. Kisha amri iitwayo what ikalipekua faili, na kila ilipozikuta ikachapa maneno yaliyozifuata. Hakuna mtu aliyeulizwa wala daftari lililofunguliwa.

DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaopokea takwimu za vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za huduma za afya, kutoka zahanati za Handeni na Korogwe, umeurithi uungwana huo. Wakati wa kujengwa, kifaili kidogo hujazwa namba ya toleo, utambulisho wa msimbo na saa ya ujenzi. Mwenye ruhusa akiuliza kupitia anwani yake ya api/system/info, hujibiwa na programu, si na kumbukumbu ya mtu.

Kwingineko uungwana huu unapotea. Faili huitwa "mpya", kesho "mpya2", keshokutwa "mwisho kabisa", na ndani halina neno juu ya asili yake. Wapo wasemao kwamba siku hizi programu hujisasisha, kwa hiyo namba ya nini? Lakini simu iliyokosa mtandao hubaki na toleo la zamani, na hitilafu ya simu moja haitatuliwi kwa kukisia. Wengine husema namba nayo hudanganya. Kweli, hudanganya pale inapoandikwa kwa mkono na kusahauliwa. Ikitiwa na zana ile ile inayoijenga programu, usahaulifu hauna pa kuingilia.

Basi ajengaye programu aitie namba kabla hajaifunga, na halmashauri inayonunua isiipokee programu isiyojua kujitaja.